Shangazi Anajibu: Likizo ya nyumbani na watoto wanaorefuka

Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu: wa kiume ana miaka 13, wa kike 9 na kitindamimba 4. Shule zimefungwa, joto limepamba moto, na hatusafiri popote. Siku zote ni zile zile: asubuhi wanagombania feni, mchana wanamwagiana maji uani, jioni tunatandika mkeka nje. Simu yangu imejaa picha mpaka inakataa kupokea nyingine, lakini bado naona siku hizi zinanipita na wao hawatakumbuka lolote. Kijana ndiye anayeniumiza zaidi. Mwaka jana alikuwa wa kwanza kulowa. Mwaka huu anakaa pembeni na simu, na haamki mpaka jua liwe kali. Nifanyeje? – Mama wa Watatu

Marahaba mwanangu. Nianze na kijana, maana nadhani ndiye aliyekufanya uandike.

Hebu mtazame vizuri hapo pembeni alipokaa. Miguu yake iko wapi? Wa umri wake nimewaona wengi: simu mkononi, uso umekunjwa, na miguu yote miwili imo ndani ya beseni la wadogo zake. Huko ndiko kucheza kwake kwa mwaka huu. Usimwambie "nenda ukacheze na wenzako" mbele za watu, atanyanyuka aende zake ndani na hutamwona tena mpaka wakati wa kula. Mpe yeye ashike mpira wa kumwagilia. Mshika mpira ni msimamizi, na msimamizi hachezi, anasimamia tu. Kaa kidogo, kisha utazame nani amelowa kuliko wote.

Kuhusu kuchelewa kuamka, usimwite mvivu. Mtoto anapobalehe, homoni ya usingizi, melatonini, huanza kutoka usiku zaidi kuliko alipokuwa mdogo, kwa hiyo usingizi wenyewe unamjia kwa kuchelewa. Mwili wake unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Dada yake wa miaka 9 anahitaji 9 hadi 12. Na wewe ukiwa mjanja utafaidika. Ile saa ya wadogo kulala, yeye yuko macho, na mkeka bado uko nje. Jilaze hapo. Usimkazie macho, wala usimuulize "una nini siku hizi?" Tazameni juu wote wawili, nyamaza, usikimbilie kuijaza ile kimya. Ikimzidi yeye ndiye atakayeanza, na huenda akaanza na jambo la kipuuzi kabisa. Lipokee hilo hilo.

Sasa kumbukumbu. Kitindamimba wako, tuseme ukweli, atasahau sehemu kubwa ya likizo hii. Watu wazima wengi wakiulizwa jambo la kwanza kabisa wanalolikumbuka, hutaja la walipokuwa na miaka 3 au 3 na nusu hivi, na ya miaka michache iliyofuata huwa vipande vipande. Kinachosaidia vipande hivyo vishike ni mazungumzo. Watafiti wa makuzi ya watoto wameona kwamba mzazi anayesimuliana na mtoto mambo yaliyopita, akauliza maswali yasiyomalizwa kwa ndiyo au hapana, na akaongezea juu ya kile mtoto alichosema, huwa na mtoto anayekumbuka kwa kina zaidi. Kwa hiyo jioni usiulize "leo umefurahi?" Uliza "yule mdudu alitokea wapi?" Akisema alikuwa mkubwa kama paka, mwache. Dada yake ataruka kumkosoa, watabishana, kila mmoja ataonyesha ukubwa kwa mikono yake, na mdudu huyo atakuwa ameshapata makao.

Picha punguza. Mwaka 2014 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika ndani ya jumba la makumbusho. Vitu ambavyo watu walivipiga picha, walivikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama tu kwa macho. Ila walipovuta lenzi karibu na kupiga sehemu moja tu ya kitu, hasara hiyo haikuonekana. Mimi nalitafsiri hivi, na haya ni yangu, si ya mtaalamu: picha moja ya vidole vya mguu vilivyokunjamana kwa kukaa majini inashinda rundo la picha za watoto waliopangwa mstari wakaamriwa wacheke. Ipige hiyo, kisha simu irudi ndani. Usiku andika mstari mmoja kwenye daftari: nani alisema nini. Ya kitindamimba yaandike jinsi alivyoyatamka, na makosa yake yote, kwani mwakani hatayatamka hivyo.

Suala la kutosafiri sikuligusa. Sioni tatizo hapo.

Shangazi, mimi huwapima watoto wangu kwenye fremu ya mlango kwa penseli. Nina mapacha wa miaka 10, wa kike na wa kiume. Jumamosi asubuhi walitoka sawasawa. Jumapili usiku wa kiume akadai nilimpunja, nikampima tena, akatoka mfupi kwa karibu sentimita nzima! Amenuna mpaka leo. Kosa ni la penseli au langu? Na ni kweli watoto hurefuka zaidi wakati wa kiangazi? – Baba Penseli

Penseli haina hatia. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vyenye maji. Mtu akishinda amesimama, akikimbia na kuruka, visahani hivyo hubonyea. Akilala, hujaa tena. Sisi sote tunaamka warefu kuliko tulivyokwenda kulala, na tofauti yaweza kufika sentimita moja au zaidi kidogo. Mwite huyo aliyenuna umpime asubuhi mara tu anapotoka kitandani, kabla hajapata nafasi ya kurukaruka. Haki yake atarudishiwa yote.

Kwa swali la pili, una mzee aliyekutangulia. Huko Ufaransa, kuanzia 1759 hadi 1777, Philibert Guéneau de Montbeillard alimpima mwanawe kila baada ya miezi sita hivi, tangu kuzaliwa hadi alipofika miaka 18. Rafiki yake Buffon, mtaalamu wa elimu ya viumbe, akavichapisha vipimo hivyo, na hadi leo wanaofundisha ukuaji wa watoto huanza na kijana huyo. Tayari wakati ule ilionekana kwamba alirefuka zaidi kiangazi kuliko majira ya baridi, na vipimo vingi vya baadaye katika nchi zenye baridi kali vimeonyesha mwelekeo huo huo. Ila usimwambie mwanao kwamba likizo ndiyo inayomrefusha. Atakataa kurudi shule.

Sasa namna ya kupima, kwa kuwa miaka mingi nilifanya kazi ya uuguzi kliniki ya watoto na mbinu zao nazijua. Viatu na soksi vivuliwe, nywele zilizofungwa juu zifunguliwe. Visigino, makalio na mgongo viguse ukuta, macho yatazame mbele, si darini. Juu ya kichwa laza kitabu chenye jalada gumu, kiguse ukuta sawasawa, ndipo uchore. Huku chini ndiko kwenye wizi: kisigino hunyanyuka kidogo tu, kiasi cha kupitisha kidole, na uso ukiutazama ni wa malaika. Mtu wa pili achuchumae alinde visigino. Hapo dada mtu anafaa kuliko wewe, hana huruma.

Na usipime kila wiki. Kabla ya kubalehe mtoto huongezeka sentimita 5 hadi 6 hivi kwa mwaka, kwa hiyo tofauti ya wiki moja ni unene wa mstari wa penseli yako. Mwanzo wa likizo na mwisho wake panatosha. Lakini kuna jambo la kumwandaa nalo huyo wa kiume. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, na ile kasi kubwa ya kurefuka huwajia wasichana mapema zaidi, mara nyingi kwa miaka miwili hivi. Pacha wake anaweza kumwacha siku moja, tena kwa kipimo kinachoonekana mlangoni. Zamu ya mvulana ikifika, ataweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Mweleze sasa, kabla alama hazijapishana, asije akadhani ameonewa na penseli kwa mara ya pili.

Mjukuu wangu wa miaka 6 amekuja kukaa nami likizo hii. Mchana kutwa anakimbia, usiku analia miguu yote miwili inamuuma, asubuhi anaruka tena kana kwamba hakikutokea kitu. Mama yake ananiambia kwenye simu kwamba mtoto anadeka kwa sababu niko karibu. – Bibi

Bibi mwenzangu, huyo hadeki. Maumivu ya namna hiyo huwapata watoto wengi kati ya miaka 3 na 12: kwenye mapaja, mashavu ya miguu au nyuma ya magoti, miguu yote miwili, jioni au usiku, na asubuhi hayapo. Mkande taratibu, mwekee kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kaa naye mpaka apitiwe na usingizi. Kukimbia asikatazwe. Ila ikiwa ni mguu mmoja tu, au kuna uvimbe, wekundu au homa, au anaamka anachechemea, au anapungua uzito, mpelekeni kwa daktari, msingoje likizo iishe.

Kwa baba aliyeuliza kama kile kibwawa cha plastiki cha uani kinahitaji mtu mzima wa kukaa nacho, ikiwa maji yanafika vifundoni tu na kaka wa miaka 11 yupo:

Kinahitaji. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, na hazami kwa kelele. Mara nyingi hapigi hata ukelele mmoja. Kaka wa miaka 11 ni mtoto mwenzao, naye amekuja kucheza. Akae mtu mzima mmoja anayejulikana kuwa zamu ni yake, karibu kiasi cha kumfikia mdogo kwa mkono, na simu isiwe mapajani. Akitaka kwenda chooni amkabidhi mwingine kwa jina, na huyo aitike kabla yeye hajanyanyuka. Mkimaliza, maji yote yamwagwe na kibwawa kigeuzwe. Ndoo na mabeseni pia.