Moyo Ukidunda Ovyo, Tafuta Saa na Kalamu

Kwa miezi kadhaa moyo wangu ulikuwa na tabia za mtoto mtukutu: nyumbani vurugu tupu, mbele ya daktari umetulia tuli. Usiku nikilalia ubavu wa kushoto, nilihisi kifuani kama samaki aliyetupwa mchangani. Mapigo matatu ya haraka, kimya, halafu kishindo kimoja hadi kooni. Asubuhi nikienda kupimwa, karatasi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, inatoka safi. Mara mbili nikarudishwa nyumbani na ushauri wa kupunguza mawazo.

ECG ya kawaida hurekodi sekunde kumi hivi tu. Moyo unaovurugika kwa saa moja usiku kisha ukatulia, utaunasa vipi saa nne asubuhi?

Kilichonitoa gizani ni daftari la shule. Muuguzi mmoja alinifundisha kuweka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Kidole gumba chenyewe usikitumie, kina mpigo wake, utahesabu wako na wake. Kisha hesabu dakika nzima. Ile njia ya kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne inafaa kwa moyo unaokwenda sawasawa. Huu wetu utakudanganya. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100, lakini usiishie kwenye namba. Sikiliza mwendo: unatembea, au unajikwaa?

Niliandika tarehe, saa, idadi, nilikuwa nafanya nini, na vurugu ilidumu kwa muda gani. Baada ya wiki tatu daktari mwingine akazisoma kurasa zile moja baada ya nyingine, akanivika Holta, kile kifaa kidogo cha kurekodi moyo mchana kutwa na usiku kucha. Usiku wa pili mwizi akanaswa: fibrilesheni ya atria.

Alinieleza hivi. Moyo huendeshwa na cheche za umeme zinazoanzia sehemu moja kwenye chumba cha juu cha kulia. Kwangu cheche zilikuwa zinatoka kila upande, zaidi ya 300 kwa dakika, hivyo vyumba vya juu vinatetemeka tu badala ya kusukuma. Damu inazubaa, hasa kwenye kijifuko kilicho kwenye chumba cha juu cha kushoto, na damu inayozubaa huganda. Bonge likichomoka likapanda kwenye ubongo, ni kiharusi. Hatari hiyo huongezeka kama mara tano.

Mimi nilikwenda kutafuta dawa ya kutuliza kishindo. Yeye akaanza na umri, presha, kisukari, na kama niliwahi kupooza, maana hayo ndiyo yanayoamua nani apewe dawa ya kuzuia damu kuganda. Kishindo kinatisha, lakini bonge halipigi hodi.

Kwenye dawa hizo nilifanya ujinga wangu. Moyo ulipotulia wiki mbili, nikaziacha. Daktari hakucheka. Zile za kisasa huisha nguvu mwilini kwa siku moja hivi, kwa hiyo dozi ukiiruka unabaki bila kinga hata kama unajisikia mzima. Anayetumia warfarini, ile ya zamani, hupimwa damu mara kwa mara, wengi wakitakiwa kuwa na INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) kati ya 2 na 3, na mboga za majani hazikatazwi; kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile, si wiki hii bakuli tatu na wiki ijayo hakuna. Aspirini si mbadala. Na kabla ya kumeza ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, uliza, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa damu.

Daftari lilinifundisha na jambo lingine. Nilikuwa na hakika kahawa ndiyo mchawi. Kurasa zikakataa: siku za kahawa na siku bila kahawa zilifanana. Vurugu zilifuata pombe na usiku wa kukoroma. Mke wangu alikuwa amelalamikia kukoroma kule miaka nenda rudi, tena akisema napoteza pumzi katikati. Nilipopimwa usingizi, alikuwa sahihi. (Bado ananikumbusha.) Wewe huenda ukakuta ni presha isiyodhibitiwa, tezi ya shingo, au vidonge vya mafua vya kuzibua pua.

Si kila moyo unaoruka pigo ni mgonjwa. Pigo moja moja la ziada huwapata watu wengi wenye afya, na mara nyingi halina neno. Lakini ukizimia, kifua kikibana, pumzi ikikata, au uso ukaenda upande, mkono ukalegea, maneno yakagongana, achana na daftari, kimbizwa hospitali dakika hiyohiyo.

Juzi ulinianza tena, saa saba na dakika kumi usiku. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, vidole mkononi: 128, ovyo, hakuna kizunguzungu. Nikaandika. Dakika 40 baadaye: 74, umenyooka.

"Ngapi?" mke wangu akauliza bila kufumbua macho.

Nikamwambia. Akavuta shuka, akageukia ukutani.