Ngiri isiyoonekana: maumivu yapo, uvimbe haupo

SWALI: Daktari, nina miaka 54 na nimezaa mara nne. Kwa miezi kadhaa nasikia maumivu upande wa kushoto wa tumbo, chini kidogo ya usawa wa kitovu. Nikisimama muda mrefu au nikikohoa yanazidi, nikilala yanatulia. Ultrasaundi haikuonyesha kitu, lakini CT skani imesema nina ngiri ya Spigeli yenye tundu la sentimita 1.5. Mimi sioni uvimbe wowote. Ngiri inaweza kuwepo bila uvimbe? Na kwa kuwa tundu ni dogo, naweza kuvaa mkanda nikasubiri?

JIBU: Inaweza, na kwa ngiri ya aina hii kutoonekana ni jambo la kawaida. Ubavuni kuna misuli mitatu mipana iliyolaliana: wa nje, wa kati na wa ndani. Kila mmoja ukikaribia mbele hugeuka kuwa kano bapa na nyembamba, inayokwenda kujishika kwenye ala (mfuko unaofunika) ya msuli mnyoofu, ule unaoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena. Kano hizo, kando tu ya msuli mnyoofu, ndizo zinazoachia. Tundu hutoboa kano ya msuli wa ndani na wa kati. Mafuta ya tumboni au kipande cha utumbo hupenya hapo, kisha hukuta kano ya msuli wa nje ikiwa nzima. Kwa kukosa njia ya kutokeza, hutambaa pembeni katikati ya tabaka. Ndiyo maana ngozi yako iko sawa ilhali unaumia.

Ni ngiri adimu, asilimia 1 hadi 2 tu ya ngiri za ukuta wa tumbo. (Jina limetokana na Adriaan van den Spiegel, mwanaanatomia aliyeeleza mstari wa ukingo huo wa misuli, ingawa ngiri yenyewe ilikuja kuelezwa na Josef Klinkosch mwaka 1764.) Nyingi hukaa chini ya kitovu. Papasa ncha mbili za mifupa ya nyonga zinazochomoza mbele, kisha fikiria mstari unaoziunganisha: sehemu kubwa ya ngiri hizi ziko ndani ya sentimita 6 juu ya mstari huo. Mimba kadhaa, unene, kikohozi cha muda mrefu na kukamua choo kigumu huongeza shinikizo linalozisukuma.

Ultrasaundi ya kwanza huenda ilifanywa ukiwa umelala chali na umetulia. Katika hali hiyo kilichopenya hurudi ndani na tundu hujificha. Kipimo hiki kinapaswa kufanywa pia ukiwa umesimama, ukikohoa au ukijikamua huku umebana pumzi, na kifaa kikipitishwa kando ya msuli mnyoofu. Mgonjwa aoneshe kwa kidole kimoja mahali panapouma.

Sasa kuhusu mkanda: hapana. Hauwezi kuziba tundu lililo chini ya tabaka nyingine. Unabonyeza juu tu, na huenda ukabana kilichokwisha kutoka. Udogo wa tundu nao usikufariji, maana kingo zake ni ngumu, na utumbo ulioingia unaweza kushindwa kurudi na kukosa damu. Kwa hiyo kama afya yako inaruhusu, ushauri ni upasuaji wa kupangwa, wala si wa dharura.

Kuna njia mbili. Kwa upasuaji wa wazi, daktari hupasua juu ya ngiri na kufungua kano ya nje ili aifikie. Mahali pawekewe alama ya wino ukiwa umesimama, kabla ya dawa ya usingizi, kwani misuli ikilegea ngiri hurudi ndani na kutafutwa kwa shida. Kwa njia ya kamera, matundu machache hutosha na tundu la ngiri huonekana kutokea ndani. Mara nyingi huwekwa wavu wa kuimarisha mahali hapo, unaovuka kingo za tundu kwa sentimita kadhaa kila upande.

Wakati unasubiri tarehe, tibu kikohozi, lainisha choo na usinyanyue mizigo. Maumivu makali yasiyoisha, kutapika, tumbo kujaa, au donge gumu linalouma ukiligusa ni dharura: usile wala kunywa, usilisukume donge, usimeze dawa ya kukufanya uharishe, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usidanganyike kwa sababu bado unapata choo. Wakati mwingine ni upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo unaonaswa, njia ikabaki wazi huku sehemu hiyo ikifa.

Baada ya upasuaji wa kupangwa utatembea siku hiyo hiyo au kesho yake. Mizigo mizito isubiri wiki 4 hadi 6, kulingana na atakavyokuelekeza aliyekupasua.