Pamba tupu, au tubakize na muhogo?

SWALI: Shikamoo, mzee. Tuna ekari tatu hapa Magu. Mume wangu anataka tujiunge na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, shamba lote liwe pamba. Naogopa njaa.
Mama wa wanne

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jiungeni, ila shamba lote msilitoe. Baba yangu aliuza pamba kupitia shirikisho la ushirika lililoanza 1955 chini ya Paul Bomani, na ada yangu ya shule ilitoka huko. Lakini msimu mmoja malipo yalichelewa mno. Kilichotulisha ni michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa: mama aliitoa kihengeni imekauka kau, akaipika kwa karanga. Ladha yake ninayo mpaka leo.

Ekari moja iwe ya muhogo, viazi na mtama, isiguswe. Pamba juu ya pamba kila mwaka inachosha udongo, kwa hiyo zungusheni na choroko, inayorudishia ardhi rutuba. Nayo siku hizi inauzwa kupitia ushirika, bei ikapatikana mnadani.

Siku ya kuuza nenda wewe mwenyewe, simama mbele ya mizani, soma kilo, dai risiti. Na uanachama uandikwe kwa majina yenu wote wawili, nakusihi sana. Mikutanoni usikae nyuma.