Kabla hujamhamishia mama mjini, mtafutie jumuiya

Dada uliyeuliza kama umtoe mama yako Sengerema uje kukaa naye hapa Mwanza, ukasema ana miaka 71, magoti yanamsumbua na misa ataipata kwenye televisheni: nimesoma swali lako mara mbili. Ndivyo nilivyosema mimi mwaka 2021.

Mama yangu nilimtoa Nansio, Ukerewe, nikamleta kwangu Buhongwa. Nilimpa chumba chenye choo ndani, binti wa kumpikia, na geti likifungwa mapema. Jumapili namwashia misa, anapiga ishara ya msalaba akiwa kwenye kochi, mimi nakwenda kwenye shughuli zangu. Nikajiona nimetimiza wajibu. Baada ya miezi minne, mama, mwanamke aliyekuwa akitoka shambani anapitia kwa mgonjwa ndipo arudi kwake, alikuwa anasinzia mchana kutwa na usiku hapati usingizi. Chakula anaonja tu. Sukari, ambayo Nansio ilikuwa imetulia, ikaanza kupanda.

Jioni moja akaniuliza, "Hivi mwanangu, mtaa huu watu hawafi?"

Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa. Alichomaanisha ni kwamba tangu aje hajaitwa msibani hata mara moja. Kwake yeye, mtu asiyeitwa msibani ni mtu ambaye hata yeye akifa hakuna atakayejua. Swali lile lilinikosesha usingizi.

Aliyetuokoa ni mama anayepitisha dagaa mtaani kwetu. Alimkuta mama getini, wakasalimiana, akamuuliza yuko jumuiya gani. Jumamosi ile saa kumi na mbili na nusu asubuhi akaja kumchukua, wakaenda polepole wameshikana mikono.

Kwa msiozijua jumuiya ndogo ndogo: maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, na mpango wake ni mwepesi. Kaya chache za jirani zinasali kwa zamu, nyumba hii leo, ile wiki ijayo. Zinasoma Injili, zinachangiana, zinazikana. Na Walutheri wana jumuiya zao.

Sasa sikia kilichotokea wiki ya tatu. Jumuiya ilikuwa kwa familia moja yenye sebule ndogo, viatu vyote mlangoni, akina mama wamekaa mkekani. Mama akanyoosha miguu kwa sababu ya magoti. Aliyekaa mbele yake ni muuguzi mstaafu. Katikati ya rozari akaona chini ya kidole gumba kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi, kingo nyeupe, katikati peusi. Mama alikuwa hasikii maumivu yoyote. Kisukari hutia miguu ganzi, mtu anatembelea kidonda bila kujua. Sala ilipokwisha wakampakia kwenye bajaji moja kwa moja hadi kituo cha afya. Mimi nilipigiwa simu wakiwa tayari wamefika. Dada yangu, mimi nilikuwa nakaa nyumba moja na mama, namuona kila siku. Nilikuwa namuona uso. Nyumbani alikuwa anavaa soksi.

Hicho kidole anacho hadi leo.

Watafiti nao wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya laki tatu, wakakuta wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50. Mwaka 2016 ukatoka utafiti wa wauguzi wanawake 74,534 wa Marekani: waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki, vifo kwao vilikuwa pungufu kwa asilimia 33 katika miaka 16 kuliko wasiokwenda kabisa. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kutovuta sigara, sehemu nyingine na kuwa na watu wa kukushika mkono.

Lakini mimi ningempeleka mama jumuiyani hata kama hakuna aliyepima. Ekaristi haipiti kwenye kioo. Na kuna siku imani yako mwenyewe inachoka. Yule aliyepooza wa Kapernaumu alibebwa na watu wanne wakatoboa dari, na Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao, wale waliobeba. Miezi ile minne mama hakuwa na wa kumbeba. Alikuwa na rimoti.

Nisikufiche, jumuiya ina michango isiyokwisha na maneno ya chinichini. Mama amewahi kununa wiki mbili kwa sababu ya sufuria ya msiba iliyorudi imetoboka. Wiki ya tatu aliyeirudisha akaja mwenyewe na ndizi.

Kwa hiyo mlete, ila anza na haya: achukue barua ya utambulisho parokiani kwake, utafute mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wako kabla hajafika, na utenge nauli ya bajaji ya kila wiki kama unavyotenga ya dawa. Kiti cha plastiki abebe chake kwa ajili ya magoti. Kama unakaa Buhongwa au Mkolani, niandikie, Jumamosi hii tunasali kwangu.