Kabla hujalipia tuisheni ya hesabu, mpe mtoto mkasi

Mpwa wangu alipokuja kwangu Desemba ile, alikuwa ametoka kumaliza masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Daftari limejaa. Nikamwandikia 3x + 5 = 20. Akajibu fasta: "Mjomba, tano inavuka ng'ambo, inakuwa hasi. Kwa hiyo x ni 5." Sahihi kabisa. Nikamuuliza kwa nini ikivuka inakuwa hasi. "Ndivyo tulivyofundishwa."

Nikampa nyingine: 20 - (x - 3) = 9. Akapata 8. Jibu ni 14, kwa sababu hasi iliyo nje ya mabano inaigeuza -3 kuwa +3.

Nimefundisha hesabu barazani kwangu jioni kwa miaka kadhaa, na kila baada ya mtihani wa darasa la saba wazazi huniuliza wampeleke mtoto kozi gani. Siwatajii kozi. Nawaambia wakae na mtoto jioni moja kwanza, wajue amekwama wapi.

Mara nyingi kilichomkwamisha si aljebra yenyewe, ni namba hasi na hesabu za sehemu, kama nusu na robo, alizoziruka shule ya msingi. Muulize -3 - 4 ni ngapi. Wengi watasema 7, kwa sababu wamekariri kuwa hasi na hasi ni chanya, na hawakuambiwa kwamba hiyo ni kwenye kuzidisha na kugawanya. Mwambie ana deni la shilingi 3,000 dukani, kisha akakopa 4,000 nyingine. Deni ni 7,000, yaani jibu ni -7. Hatakosea tena. Na ile tano "inayovuka" mwoneshe kwenye mizani ya mawe: upande huu mifuko mitatu ya sukari na kilo tano za mawe, upande ule kilo ishirini. Hakuna kinachovuka. Unatoa tano huku na tano kule, zinabaki kumi na tano kwa mifuko mitatu.

Halafu mkasi. Karibu kila mwanafunzi niliyemfundisha amewahi kuniandikia kwamba (a + b)² ni a² + b². Nilimsahihisha mpwa wangu kwa kalamu nyekundu mara tatu, akarudia mara tatu, nami nikaanza kumkaripia. Nilimkosea. Siku iliyofuata nikampa karatasi ya manila, achore mraba wa sentimita 7 kila upande, kila upande augawe 5 na 2, ndizo a na b, kisha akate kwa kufuata mistari. Vikatoka vipande vinne: mraba wa 25, mraba mdogo wa 4, na mistatili miwili ya 10 kila mmoja. Akaishika ile mistatili, akanyamaza. "Kumbe hizi ndizo nilizokuwa naziacha." 25 na 4 ni 29 tu, ukiongeza 20 unapata 49 yako. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne ya 9 kitabu kilicholipa somo hili jina la aljebra, naye alieleza milinganyo yake kwa michoro ya miraba. Ndiyo maana siipendi kozi inayofundisha aljebra mwezi huu na jometri mwezi ujao kana kwamba hazijuani.

Jometri ichorwe kwa mkono, kwa rula na bikari, si kunakili maumbo ubaoni. Na kama jirani anajenga, mpeleke mtoto akaone fundi anavyonyoosha kona ya msingi: anapima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, kisha anasogeza mpaka tepu isome mita 5 kati ya alama hizo mbili. Kanuni ya Pythagoras ya pembetatu mraba hiyo, iko kwenye udongo.

Lugha nayo isipuuzwe. Aliyesoma mlinganyo kwa Kiswahili hadi darasa la saba anaingia kidato cha kwanza anakuta "simplify" na "solve", anadhani ni kitu kimoja. Akiambiwa arahisishe 2x + 3x, yeye anatafuta x ni ngapi. Mpe maneno kumi ya namna hiyo, kila moja na mfano wake, kabla shule haijafunguliwa Januari.

Ukishayaona hayo, nenda kamwandikishe. Ila siku ya kwanza omba ukae nyuma nusu saa. Mtoto akikosea, sikiliza mwalimu anasema nini. Akimuuliza "umefikaje hapo?", lipa ada.