Kipande cha video katika somo la mtandaoni

Walimu wanaofundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani wameniuliza haya. Majibu yanafuata sheria ya huko.

Darasani nilikuwa naonyesha filamu ya Bongo nzima. Mbona mtandaoni nakatazwa?

Ni vifungu viwili tofauti. Kifungu cha 110(1) cha Sheria ya Hakimiliki kinaruhusu filamu nzima mkiwa ana kwa ana, mradi chuo hakiendeshwi kwa faida na nakala ni halali. Mtandaoni unaingia 110(2), kilichoandikwa upya mwaka 2002 kwa sheria iitwayo TEACH: filamu itumike kwa sehemu ya kiasi tu, iwe kiini cha somo, ionekane na waliosajiliwa kwenye kozi, na chuo chenye ithibati kizuie kuisambaza. Filamu ya Tanzania nayo inalindwa, maana nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki.

Sekunde 30 hazina tatizo, sivyo?

Mwalimu mwenzangu, hizo sekunde 30 hazimo kabisa kwenye sheria. Wala asilimia 10. Kata kile somo linachohitaji. Mimi nilikata dakika moja na nusu: konda wa daladala anagombana na abiria kwa ajili ya chenji, mara anapanda mzee, na konda yuleyule analainisha sauti, "Shikamoo, mzee." Wanafunzi walisimamisha hapo, wakarudia, wakaanza kuulizana sauti imebadilika wapi. Ugomvi ulioendelea baadaye niliuacha, haukuwa na kazi katika somo.

Ukihitaji zaidi ya hapo, kuna kifungu cha 107 cha matumizi ya haki (fair use, yaani kutumia kazi ya mtu bila idhini yake pale inapokuwa haki), kinachopima mambo manne: kusudi lako, aina ya kazi, kiasi ulichochukua, na athari kwa soko lake. Hilo la nne naomba mlitazame kwa makini. Soko la filamu zetu ni dogo, na mtayarishaji anaumia upesi.

DVD ina kufuli la kidijiti. Naweza kulivunja?

Sheria ya mwaka 1998 inakataza, ila Mkutubi wa Bunge la Marekani hupitia misamaha kila baada ya miaka mitatu, na wahadhiri wamo kwa vipande vifupi vya kufundishia. Soma masharti yanayotumika sasa kwanza.

Na kiungo cha YouTube?

Weka kiungo, usipakue na kupandisha upya. Hakikisha chaneli ni ya mtayarishaji mwenyewe, ili kila mwanafunzi anayetazama ahesabiwe kwake.