Nenda Shinsekai, ila kamera iache mfukoni

Mwanangu,

Marahaba. Unasema wenzako wa chuo hapo Osaka, Japani, wanakukataza kwenda Shinsekai, eti ni uswahilini, pachafu, walevi watupu, na ukivuka reli kuelekea kusini ndiyo balaa zaidi. Unaniuliza mimi kwa kuwa nilikaa mji huo miezi minane ya mafunzo mwaka 1998. Nenda, mwanangu. Nenda jioni, mnara wa Tsutenkaku ukishawashwa.

Mtaa ule ulijengwa kwa mbwembwe. Mwaka 1903 palifanyika maonyesho makubwa ya viwanda, na mwaka 1912 uwanja huo ukageuzwa mtaa wa starehe, ukaitwa Dunia Mpya. Ndiyo maana ya Shinsekai. Mnara wake wa kwanza, wa mita 64, waliuiga kutoka Paris. Uliungua 1943, vyuma vyake vikachukuliwa kwa ajili ya vita. Huu wa sasa ni wa 1956. Tazama taa za kileleni: nyeupe, kesho jua; rangi ya chungwa, mawingu; buluu, mvua. Mimi nilipanga siku za kufua kwa taa hizo.

Kisha ingia kichochoro cha Jan-Jan Yokocho. Enzi zangu kulikuwa na vilabu vya shogi, sataranji yao, na nje ya kioo wazee walisimama kimya wakifuatilia kila kete, kama tunavyozunguka drafti kijiweni. Hapo ndipo nilipokula kushikatsu mara ya kwanza: vijiti vya nyama au mboga vilivyoviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Sosi ilikuwa kwenye chombo kimoja cha wote, kwa hiyo unachovya mara moja tu, kabla hujauma. Mimi nilishauma, nikapeleka mkono tena. Mzee wa kiti cha pili akanishika kifundo cha mkono, taratibu, bila neno. Akachukua jani la kabichi, akachota sosi nalo, akaidondoshea kijiti changu. Kucha zake zilikuwa nene, zimepasuka, na saruji imekaa kwenye mistari ya vidole.

Alikuwa kibarua. Ng'ambo ya reli ni Kamagasaki, ambako watu waliamka alfajiri kusubiri kazi za kutwa. Wengi waliitwa kujenga kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1970, wakalala kwenye vyumba vya kupanga vinavyotosha godoro na begi. Kazi zilipopungua walikuwa wameshazeeka, mbali na kwao. Hao ndio watu ambao wenzako wanawaita walevi. Barabara za juu mnazopita kila siku zimepita mikononi mwa watu kama hao.

Jambo moja nakuomba kama mzazi. Siku moja nilinyanyua kamera kwenye foleni yao ya chakula. Mzee mmoja akafunika uso kwa taulo lake la shingoni. Picha sikuipiga, lakini aibu ile ninayo mpaka leo. Usiende kuwatazama. Kaa kaunta, salimia, agiza, kula. Saa za usiku wa manane usizurure peke yako, kama ambavyo usingezurura hapa Moshi.

Mama yako anakusalimu sana. Ukifika, niandikie kama wazee bado wanasimama nje ya kile kioo.

Baba yako